Mwaka Tulioacha Mkasi

Mama Gulu,

Majani yameanza kuanguka tena. Huu ni mwaka wa tatu tangu utuache, na bado sijakuomba radhi. Nimemwomba Mungu mara nyingi, kanisani na ndani ya basi, lakini kwako sijasema kitu. Kaburini nilikuja mara mbili, nikasimama na maua yangu kama mtu aliyekuja kuuliza njia, nikaondoka. Leo ni Jumamosi. Ndanu amekwenda mazoezi ya mpira wa kikapu, nyumba imetulia, nina chai mbele yangu. Nitaandika kila kitu kuanzia mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi, maana nikirukia mwisho nitaanza kujitetea.

Unakumbuka tulivyokutana? Ilikuwa mwaka wa 2006, mwezi wa tisa, wiki yangu ya tatu Kanada. Mume wangu Mutiso alikuwa ametutangulia, akapata kazi kwenye ghala kule Downsview, jijini Toronto, akatupangia nyumba ya chumba kimoja pale Rexdale, ghorofa ya kumi na moja. Ndanu alikuwa na miaka minne, na vitufe vya lifti vilimpendeza kuliko chochote alichokiona tangu tuondoke Machakos. Siku hiyo alivibonyeza vyote. Nikamfokea, "Ndanu! Wacha lifti ya watu!" Na nyuma yetu alikuwa amesimama mama wa Kihindi mwenye koti zito na mfuko wa vitunguu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Mwache, mwanangu. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na tano na lifti hii haijanisikia hata siku moja."

Nilishtuka nikabaki nakutazama. Ukacheka ukaniambia, "Wakenya jamani! Hata shikamoo hamna?" Nikakuamkia kwa aibu. Lifti ikasimama kila ghorofa, shauri ya Ndanu, na kabla hatujafika juu nilikuwa nimeshajua kwamba umezaliwa Tabora, kwamba baba yako alikuwa na duka la karatasi na madaftari, kwamba bwana wako amefariki, na kwamba mtu pekee uliyebaki kuzungumza naye Kiswahili ni binti yako Yasmin, naye anakujibu kwa Kiingereza. Tena wewe hukuwa unapanda. Unakaa chini kabisa, ghorofa ya kwanza. Ulikuwa umekuja juu na sisi kwa ajili ya mazungumzo tu.

Kesho yake nilishuka kunywa chai nikakuta watoto watano wamelala sebuleni kwako juu ya magodoro madogo, wamepangwa kama mikate. Ndiyo ilikuwa kazi yako: kulea watoto wa majirani wanaokwenda viwandani na hospitalini. Nilikuambia kwamba nilifundisha chekechea miaka saba na cheti changu huku hakikubaliki. Hukunipa pole. Uliniambia, "Kesho njoo saa mbili asubuhi. Uje na aproni."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi wako, mimi niliyedhani nimekuja kukusaidia.

Majira yale ya kwanza sijui niyaeleze vipi. Miti ya bondeni, nyuma ya majengo yetu, iligeuka rangi kwa wiki mbili, na mimi nilidhani imepata ugonjwa. Ukawafunga watoto mitandio, ukawashikisha kamba moja ndefu wasipotee, tukateremka hadi mtoni kuokota majani. Mekundu, ya manjano, ya rangi ya kutu. Tukirudi tunayapanga ndani ya vitabu vinene vya namba za simu, tunavikalia. Siku ya tatu majani yamenyooka, tunaweka karatasi juu yake, watoto wanasugua kwa krayoni iliyolazwa ubavu, na mishipa ya jani inajitokeza kidogo kidogo. Nakumbuka jinsi walivyokuwa wakinyamaza mishipa ilipoanza kuonekana. Watoto watano, wote kimya!

Nilikuuliza Kiswahili cha majira haya ni nini. Ukasema, "Vuli." Nikakataa. Kwetu Ukambani vuli ni mvua, ni mwezi wa kumi tunapanda mahindi na kunde, ni watu wako shambani na matope hadi magotini. Ukafikiri, kijiti cha gundi mkononi, ukasema, "Basi huku ni vuli ya kuvua. Miti inavua nguo." Kuanzia siku hiyo watoto wa nyumba yako, Mnigeria, Mjamaika, Mpunjabi, wote walisema vuli. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama hilo ni neno la Kifaransa.

Halafu yule bundi. Ulileta mifuko ya karatasi ya kahawia ukasema tunatengeneza bundi: macho mawili ya duara, mdomo wa pembetatu, mabawa ya karatasi za rangi. Nikaweka mfuko wangu chini. Nikasema, "Mama, bundi tena? Ndani ya nyumba? Na watoto wadogo?" Ukaniambia hata kwenu Tabora bibi mlezi wako alikuwa akisikia bundi anawasha taa zote. "Lakini bundi wa huku," ukasema, "hajui Kiswahili. Hawezi kukuita jina." Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Nikatengeneza bundi. Nilimpa macho makubwa mno, Ndanu akamwogopa kwa wiki nzima.

Na mkasi wako. Ulikuwa unachukua karatasi nyekundu, unaikunja mara moja, huchori wala hupimi. Mkasi unaingia, unageuka, unatoka, ukikunjua ni jani la mepo, lile la bendera ya Kanada, lenye ncha zake zote. Watoto wanapiga kelele, "Tena!" Hilo ndilo lilikuwa neno lao la kwanza la Kiswahili, wengi wao. Tena. Unakata lingine. Uliniambia ulijifunza ukiwa na miaka sita, chini ya meza ya duka la baba yako, ukikata mabaki ya karatasi za kufungia zawadi wakati yeye akiwahudumia walimu wa misheni. Nilijaribu mwaka mzima kukata jani lile. Langu lilikuwa linatoka kama mkono wa mtu aliyevimba.

Miaka mitatu tukaenda hivyo. Kisha ikaja vuli ya 2009.

Siku ya kwanza ya kazi za karatasi nilipanga mikasi midogo mezani kama kawaida, ile yenye ncha butu. Ulipoingia uliitazama, ukaikusanya yote ukairudisha kwenye kabati la juu. Ukasema, "Mwaka huu tunachana."

Nilidhani ni ya siku moja. Kumbe ni ya msimu mzima. Mti ulikuwa karatasi ya kahawia iliyochanwa, majani vipande vilivyochanwa na kubandikwa, kindi mkia wake nyuzi za karatasi, boga la vipande vya rangi ya chungwa vilivyokaa kama magamba. Wazazi walipouliza uliwaeleza kwa upole kwamba vidole vidogo vinapata nguvu kwa kuchana. Mtoto akijifunza kushika karatasi kwa ncha za vidole na kuivuta polepole, baadaye kalamu haitamsumbua. Waliitikia kwa kichwa. Mimi niliitikia pia, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika.

Unajua nilikotoka. Nilikotoka mwalimu hupimwa kwa ukuta wa darasa lake. Mkaguzi akija, anatazama kama herufi zimenyooka, kama picha zina pembe, kama gundi haijamwagika. Mimi nilikuwa nimepewa sifa kwa ukuta wangu. Na huku, ambako hakuna aliyejua mimi ni nani, nilitaka mzazi mmoja tu aingie mlangoni aseme, huyu mwanamke ni mwalimu. Nikitazama miti ile ya kuchanwa niliona kazi iliyotafunwa na mbuzi. Nilianza pia masomo ya Jumamosi chuoni, nikadhani nimeanza kujua mambo usiyoyajua.

Kisha ikaja alasiri ya wazazi.

Kila mwaka kabla ya baridi kuingia uliwaita waje wanywe chai na kuona kazi za watoto. Siku moja kabla, mama yake Simone, yule muuguzi, alipokuja kumchukua mtoto alisimama mbele ya ukuta akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka huu kazi zimekuwa chafuchafu, sivyo? Ulikuwa jikoni. Sikukutetea. Niliona aibu kana kwamba nguo zangu za ndani zimeanikwa barabarani. Watoto walipokwisha kuondoka, na wewe umekwenda kwenye sala zako, nilishusha mikasi. Nikakata majani kumi na tano ya mepo, mazuri, yanayofanana, nikayabandika juu ya majani ya watoto. Nikafunika kila kitu walichochana.

Asubuhi uliingia sebuleni. Uliutazama ukuta, ukanitazama, ukaenda kuweka maji ya chai. Aliyesema ni Simone. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alitembea kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, akarudi, akauliza, "Langu liko wapi?" Nikamwonyesha, hili hapa, ona lilivyopendeza. Akasema, "Hilo ni lako." Akaenda kukaa chini ya meza.

Ningeishia hapo ingekuwa kosa la kawaida, la kuombea msamaha kwa kikombe cha chai. Lakini alasiri wazazi walipojaa, na wote wanasifu ukuta, mimi kichwa kilishapaa. Nikataka kuwapa burudani. Nikachukua mkasi wako mkubwa na karatasi nyekundu, nikakuletea mbele ya watu wote, nikasema kwa Kiingereza ili kila mtu asikie: Mama Gulu, waonyeshe lile jani lako la mkunjo mmoja! Wakapiga makofi. Ulishika mkasi. Uliushika kwa mikono miwili, nikaona ajabu, nikadhani unafanya mzaha. Ukaurudisha mezani taratibu. Ukasema, "Leo sina miwani." Na miwani ilikuwa imening'inia kifuani pako.

Nikacheka. Nikasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Nikasema, "Ndiyo hivyo. Mwalimu akizeeka, huanza kuchana."

Watu walicheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Ukasema ni kweli, ni kweli, uzee huu! Ukaenda jikoni kuleta sambusa. Mimi nikachukua ile karatasi nyekundu, nikaikunja, nikakata. Miaka mitatu jani lile lilikuwa limenikataa, na siku ile likatoka. Ncha zote. Nikapigiwa makofi.

Tulipokuwa tunapanda nyumbani, Ndanu, ambaye alikuwa na miaka saba wakati huo, aliniambia alikufuata jikoni. Aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba bibi alikuwa ameweka mikono chini ya bomba, na mikono ilikuwa inacheza dansi yenyewe, na bibi alikuwa analia bila sauti. Nilimwambia maji ya moto yalikuwa yameisha, mikono ilikuwa inasikia baridi. Nilimwambia tu. Mtoto aliniletea ukweli mkononi, nikautupa kabla mlango wa lifti haujafunguka.

Mwaka uliofuata nilimaliza chuo, nikapata kazi kwenye chekechea moja Mount Dennis, tukahamia huko. Uliniaga vizuri. Ulinifungia vitumbua kwenye karatasi ya alumini, ukaniambia, "Wewe ni mwalimu, Mwikali. Nilikuona tangu kwenye lifti." Nilitamani ungenigombeza. Mwanzoni nilikupigia kila Jumapili, kisha sikukuu kwa sikukuu. Nikasikia umeacha kulea watoto. Nikasema, ameshazeeka, apumzike. Ulinipigia mara mbili vuli ile ya mwisho. "Njoo unywe chai, mwanangu, miti imependeza." Nilisema wiki ijayo. Mara zote mbili nilisema wiki ijayo, na kutoka Mount Dennis hadi kwako ni mabasi mawili tu.

Yasmin ndiye aliyenipigia. Nilifika nyumbani kwake siku ya tatu ya msiba na sinia la mahamri. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa jamaa yenu wenye mitandio myeupe, wakanikaribisha kama mmoja wao, nikashindwa kumeza chochote. Walipopungua Yasmin alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba ulichohamia ulipoacha kulea watoto. Na Mama Gulu, alizungumza Kiswahili. Yasmin wako. Kiswahili kilichovunjikavunjika, lakini hakuweka hata neno moja la Kiingereza, nadhani kwa heshima yako. Alisema, "Mama nataka kuambia wewe zamani, Dada Mwikali. Mama alikuwa naficha mikono."

Akanieleza. Ugonjwa wa kutetemeka ulianza majira ya joto ya mwaka ule wa 2009, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Daktari alikuambia bado ni mwanzo, una miaka mingi ya kulea, ukiwa na msaidizi mzuri. Uliogopa wazazi wakijua watawaondoa watoto. Uliogopa pia mimi nikijua nitakuonea huruma. Ulikaa na Yasmin mezani, ukajaribu mkasi, ukakukatalia, ukalia. Kisha ukachukua karatasi ukaanza kuichana kwa hasira. Ukaendelea kuchana. Yasmin alisema uliutazama ule ukingo uliotoka, wenye mawimbi madogomadogo, ukasema, "Tazama. Huu mtetemo unajua kuchana kuliko mimi." Na hapo ndipo ukapata msimu wako mzima.

Nikamwuliza kama siku ile ya wazazi uliisema nyumbani. Nilitumaini atasema hapana. Alisema, "Ndiyo. Mama aliumia." Akatafuta maneno. Akasema ulikwenda nyumbani kwake jioni ile ukakaa na koti mwilini, ukamwambia, "Mwikali kaniita mzee mbele ya watu. Afadhali mzee kuliko mgonjwa. Kanifichia siri yangu bila kujua."

Sijui kama nilipaswa kufarijika. Sikufarijika. Nililia juu ya kitanda chako hadi Yasmin akaniletea taulo, maana leso hazikutosha.

Sasa nikupe habari za huku, ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika.

Baada ya mazishi yako nilirudi darasani nikaondoa mikasi mezani. Nilifundisha kuchana. Lakini nakwambia ukweli, kwa muda mrefu sikujua ninachofundisha. Niliwaambia wazazi maneno yako yaleyale, vidole, ncha, nguvu ya kushika kalamu, huku nikijiuliza moyoni: haya ni mafunzo, au ni kisingizio cha mwanamke mgonjwa ambacho mimi nakirithi kwa sababu ya majuto? Nikaanza kuwatazama. Mwaka mzima niliwatazama watoto wakichana. Mtoto anayekata kwa mkasi anautazama mstari. Anayechana anaitazama karatasi, kwa sababu hajui itakwenda wapi. Inamvuta huku, anairudisha, wanashauriana. Ulimi uko nje. Na mwisho hakuna majani mawili yanayofanana, kila mtoto analijua lake hata likiwa juu ya dari. Uliwaambia wazazi sababu usiyokuwa nayo, kisha ikawa kweli mikononi mwa watoto. Sijui jina la kitu hicho. Uongo siuiti.

Mwaka huu tuna mtoto anaitwa Furaha, miaka minne, wazazi wake wametoka Kongo. Anayemleta na kumchukua ni babu yake, Mzee Alfonsi, mtu mrefu, kofia ya sufu, suti kila siku. Kila asubuhi anatakiwa kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio. Na kila asubuhi anamwambia Furaha, "Andika jina yako, nione kama unajua." Furaha anaandika herufi zake kubwa, sisi tunasema jamani, babu gani huyu anayemfundisha mtoto. Mikono yake iko mfukoni. Ndani ya jengo lenye joto, mifukoni. Wiki ya tatu nilimwona kituoni anajaribu kumfunga Furaha zipu ya koti. Alijaribu, akajaribu, akageuka akatazama barabara kana kwamba anasubiri basi, mtoto akajifunga mwenyewe.

Nilirudi ndani nikakaa chooni dakika kumi.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na siku ya mababu na mabibi. Walikaa kwenye viti vile vidogo, magoti hadi kidevuni, karatasi za manjano na nyekundu mezani. Mzee Alfonsi alisimama karibu na mlango, akasema atatazama tu, mgongo unamsumbua. Ningeweza kumpelekea karatasi mbele ya wote, nikafanya tena kile nilichokufanyia wewe, safari hii kwa huruma. Sikumgusa. Nilikaa na watoto mezani nikaanza kuchana, na nikawasimulia habari zako. Kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa nilimtaka mtu mmoja asikie kwa lugha anayoiota. Nilisema nilikuwa na mwalimu aliyekata majani mazuri kuliko wote Toronto. Mikono yake ikaanza kutetemeka. Akaogopa tutamdharau, akaificha. Na mimi nilimdharau kweli, bila kujua. Lakini yeye aligundua kwamba mkono unaotetemeka huchana vizuri kuliko mkono uliotulia, na kila mtoto anayechana karatasi chumba hiki anafanya alivyogundua yeye.

Mtoto mmoja akauliza kama inauma. Nikasema sijui, sikumwuliza.

Sikuinua macho. Nilisikia kiti kikiburutwa. Alikaa upande wa pili wa Furaha, akatoa mikono akaiweka juu ya meza, ikawa inapigapiga ubao kidogo, kama mvua inayoanza. Furaha aliisogezea karatasi ya manjano bila hata kuitazama. Yeye alikuwa ameijua siku zote. Mzee Alfonsi akashika, akavuta. Ikachanika. Akavuta tena. Akainua kipande akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akanitazama mimi, akasema, "Hii kazi naweza, mwalimu. Hii naweza muzuri sana."

Alichana hadi chai ikapoa. Ijumaa asubuhi alitia sahihi daftarini mwenyewe. Mstari ulipanda ukashuka, ukatoka nje ya kisanduku, ukaingia jina la mtu mwingine. Alifunga kalamu, akanipungia, akaondoka akitembea kwa maringo.

Basi Mama Gulu, nina radhi mbili za kukuomba. Ya kwanza unaijua. Nilikucheka mbele ya watu wakati ulipohitaji mtu mmoja asimame kati yako na mkasi, na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Uliligeuza neno langu likawa ngao yako, lakini hilo ni wema wako, haliondoi ubaya wangu. Nisamehe. Ya pili ni kwamba nimeitoa siri yako. Uliificha hadi kaburini, mimi nimeisema mbele ya watoto kumi na sita na wazee tisa. Nilifikiri sana kabla ya kuisema. Nilifikiri, angekuwa hai angeninyamazisha. Kisha nikafikiri, angekuwa hai angemwona Mzee Alfonsi pale mlangoni, na asingeweza kunyamaza mwenyewe. Kama nimekosea, hiyo nayo nisamehe.

Habari nyingine ni ndogondogo. Mutiso aliacha zamu za ghalani, sasa anaendesha basi la shule, amenenepa. Ndanu ananipita urefu. Bado ananijibu kwa Kiingereza, lakini mwezi uliopita nilimsikia akimwambia rafiki yake kwa simu kwamba hii ni vuli, na rafiki alipouliza ni nini, alisema, "Ndivyo tunavyosema nyumbani." Yasmin anajifunza Kiswahili kwa mimi na yeye kupigiana simu. Ananisahihisha shikamoo.

Naahidi hivi. Nitafundisha kuchana, na mzazi akiniuliza sababu nitamwambia ya vidole, na nitamwambia na ya kwako, kwa jina lako. Sitagusa tena kazi ya mtoto ili mimi nionekane. Mtu akificha mikono mbele yangu, nitasubiri, na nikiwa nasubiri nitakaa karibu. Na mikono hii yangu, ambayo asubuhi hizi za baridi imeanza kuuma viungoni, siku itakaponikatalia kazi nitawaambia watu siku hiyohiyo, na nitaomba msaada kwa sauti.

Pumzika, Mama yangu wa lifti. Umefanya kazi ya kutosha.

Mwanafunzi wako,
Mwikali